Mwanya si pengo: kisa cha nakala ya fuvu la ngamia wa kale, Unguja

Kilicholetwa ni nakala ya fuvu la Camelops hesternus, ngamia wa Amerika Kaskazini aliyetoweka mwishoni mwa zama za barafu. Imemiminwa kwa resini ya poliyurethani, sehemu mbili: fuvu lenyewe, sentimita 57 kutoka ncha ya pua hadi kisogoni, na taya la chini, sentimita 46. Ilikusudiwa chumba cha sayansi cha skuli moja ya sekondari mjini Unguja. Ilisafiri katika boksi moja na vitabu ndani ya kontena la mzigo wa pamoja, ikashushwa Dar es Salaam, ikavushwa hadi bandari ya Malindi, Unguja, na ikafika darasani mwezi wa Februari, kaskazi ikiwa bado inavuma.

Boksi lilipofunguliwa, walimu waliona mambo matatu. Taya halikukaa mahali pake. Rangi ilinata vidoleni. Na meno, kwa hesabu yao, yalikuwa pungufu. Mawili ya kwanza yalikuwa kasoro kweli. La tatu halikuwa kasoro hata kidogo, na ndilo lililoshughulikiwa kwanza.

Fundi aliyeitwa ana mkono mzuri. Alipewa picha ya fuvu la ngamia wa leo, mwenye nundu moja, akahesabu meno 34. Kwenye nakala akahesabu 30. Akachimba matundu manne ya milimita 4 kwa keekee, akatia skrubu ndogo ziwe kama mizizi, akajenga juu yake meno manne kwa filla, ule uji mzito wa kuzibia bodi za magari, akayachonga na kuyapaka rangi. Mawili juu, mawili chini, moja kila upande. Ukiyatazama kwa mbali huwezi kuyatilia shaka. Hesabu ikatimia 34, na fuvu la mnyama mmoja likawa limepewa kinywa cha mnyama mwingine.

Sisi tulioitwa baadaye kuirekebisha nakala hii tunalieleza kosa hili kwa kirefu kwa sababu halikutokana na uzembe. Lilitokana na kuhesabu kwa uangalifu na kulinganisha na kitu kisicho chake.

Hesabu yenyewe ni hii. Ngamia wa leo aliyekomaa, taya la juu, kila upande ana jino moja la mbele, chonge moja, magego madogo matatu na magego makubwa matatu. Chini, kila upande, ana meno ya mbele matatu, chonge moja, magego madogo mawili na makubwa matatu. Nane na tisa ni 17, mara mbili ni 34. Camelops ana gego dogo moja pungufu kila upande, juu na chini: saba na nane ni 15, mara mbili ni 30. Tofauti ni meno manne, na ni meno yale yale manne yaliyoongezwa.

Jino linalohusika ni gego dogo la kwanza. Kwa ngamia wa leo jino hilo limebadilika umbo, limechongoka kama chonge na linasimama peke yake mbele ya safu ya magego. Ndiyo maana ukitazama ubavuni mwa mdomo wake wa juu unaona meno matatu yaliyochongoka yakipeana nafasi: jino la mbele la pembeni, chonge, kisha hilo. Camelops ana mawili tu, halafu unakuja uwazi mrefu wa mfupa mtupu hadi kwenye magego.

Kiswahili kinatufaa sana hapa. Pengo ni mahali palipotoka jino. Mwanya ni nafasi uliyozaliwa nayo. Mfupa nao unavitofautisha hivyo hivyo. Jino likitoka wakati mnyama yu hai, tundu la mzizi hujaa mfupa mpya wenye vinyweleo, na ukingo wa taya hushuka na kukwaruzika. Likitoka baada ya kufa, tundu hubaki wazi. Pale ambapo jino halikuwahi kuota, ukingo ni mwembamba, laini, unapita bila kukatika kama ukingo wa ngalawa. Nakala nzuri huonyesha hayo yote, kwa kuwa kalibu hunyonya sura ya mfupa hadi mikwaruzo. Mwalimu mmoja alipiga picha siku boksi lilipofunguliwa, kabla ya fundi kuja, na katika picha hizo ukingo wa mwanya unaonekana mzima, juu na chini. Bila picha zile tungekuwa tunabishana. Piga picha kabla ya kugusa chochote, pande zote sita, na rula iwe ndani ya picha.

Mahali pasipo na picha, filla hujifichua kwa njia nyingine. Kila nakala ya kumimina ina mshono wa kalibu, mstari mwembamba kama unywele ulioinuka, unaotembea juu ya mfupa na jino bila kubagua. Kila ukikatika ghafla, kuna kitu kimefunikwa. Njia ya pili ni taa ya kukagulia noti, ile ya mwanga wa zambarau iliyopo kwenye maduka ya kubadilishia fedha. Zima taa za chumba, pitisha mwanga taratibu: vitu viwili vya asili tofauti mara nyingi hung'aa tofauti, hata rangi ikiwa moja. Hapa meno manne yalionekana meusi zaidi kuliko jirani zake. Njia ya tatu ni ukucha. Gonga jino la resini, kisha la filla: sauti si moja.

Kabla ya kuingia kwenye marekebisho, ni vyema kumjua mnyama mwenyewe, kwa sababu kila uamuzi uliofuata ulitegemea yeye.

Jina Camelops lilitolewa na Joseph Leidy wa Philadelphia mwaka 1854. Hesternus ni Kilatini, maana yake "wa jana". Begani alifika kama mita 2.1 hadi 2.2, mrefu kuliko ngamia wengi wa leo, na kichwa chake ni kirefu na chembamba zaidi. Mifupa yake mingi imetolewa katika madimbwi ya lami ya La Brea, katikati ya mji wa Los Angeles, ambako wanyama walinasa na lami ikaihifadhi mifupa. Kwa muda mrefu alihesabiwa kuwa jamaa wa karibu wa lama wa Amerika Kusini. Mwaka 2015 vinasaba kutoka mifupa iliyohifadhiwa na baridi ya Yukon, Kanada, vilionyesha kuwa yuko karibu zaidi na ngamia wa Asia na Afrika. Ukoo mzima wa ngamia ulianzia Amerika Kaskazini zaidi ya miaka milioni 40 iliyopita. Mababu wa ngamia wa leo walivukia Asia kama miaka milioni 6 au 7 iliyopita, wakati Siberia na Alaska zilipounganika kwa nchi kavu. Kwa hiyo ngamia wa Mwarabu, na hata ngamia waliokuwa wakizungusha vinu vya mafuta ya ufuta katika Mji Mkongwe zamani, wote wanarudi kwenye asili hiyo ya Amerika, ambako wao wenyewe wamekwisha.

Sasa taya. Upana kati ya mashimo mawili ya kiungo kwenye fuvu, kipimo cha nje kwa nje, ulikuwa milimita 168. Upana wa vifundo viwili vya taya vinavyopaswa kuingia humo ulikuwa milimita 155. Taya lilikuwa limebanwa ndani kwa milimita 13, na karibu zote zilitoka upande wa kushoto: tawi la kulia lilisimama wima, la kushoto limeinama.

Sababu ni joto na uzito pamoja. Resini za aina hii nyingi hulegea zikifika kati ya nyuzijoto 60 na 80, na zikibeba uzito kwa wiki kadhaa hupinda taratibu hata chini ya hapo. Kontena la chuma uwanjani juani huwa tanuri. Ndani ya boksi, taya lililazwa ubavu na fuvu likawekwa juu yake, vitabu vikajaza nafasi. Alama za mapovu ya nailoni ya kufungia zilibaki zimechapwa kwenye rangi ya upande ule ule wa kushoto, kama ushahidi wa uzito ulikolalia. Rangi nayo ilinata kwa sababu ilifungwa ndani ya nailoni kabla ya kukauka vizuri, kisha ikapikwa njiani. Hiyo haikuhitaji dawa. Ilioshwa kwa maji ya uvuguvugu na tone la sabuni ya vyombo, ikawekwa mbele ya feni siku 10, ikakauka. Watu wengi hukimbilia kupaka vanishi juu ya rangi inayonata. Wanafungia unyevu chini, na baada ya masika inaanza kumenyuka kama ngozi ya vitunguu.

Mpangilio wa kazi ulikuwa: meno ya filla kwanza, kisha taya, rangi mwisho. Ukigeuza mpangilio unaharibu. Ukilikunja taya likiwa na filla, maji ya moto yanaachanisha filla na resini kwa vipande visivyo sawa na kung'oa uso wa resini pamoja nayo.

Meno yalikatwa kwa msumeno mwembamba wa kukatia chuma, milimita 2 juu ya mfupa, si usawa wake. Zile milimita 2 ziliondolewa kwa tupa bapa, kisha msasa wa maji namba 240, na mwisho 400, ukiwa umeloweshwa muda wote. Msasa mkavu juu ya filla hutoa vumbi ambalo si la kuvuta, na hulisukuma jiwe gumu la filla likachimba resini laini pembeni yake. Asetoni tuliikataa. Inalainisha filla polepole, lakini inaanza na rangi, kisha uso wa resini, na kile ulichotaka kukilinda ndicho kinachoondoka kwanza. Skrubu zilitolewa kwa kuzipasha joto kwa ncha ya pasi ya kulehemu waya kwa sekunde kumi hivi, madirisha wazi, kisha zikageuzwa taratibu. Matundu yalizibwa kwa epoksi ya vichupa viwili iliyochanganywa na poda ya kawaida ya mtoto mpaka ikawa nzito kama ugali laini, ikaachwa ijae kidogo kupita ukingo, ikasuguliwa kesho yake. Ukingo mwembamba wa mwanya ulirudishwa kwa kufuata picha za mwanzo.

Kunyoosha taya ndiko kulikobeba hatari zaidi. Kwanza tulithibitisha kama ni tupu ndani au limejaa: lililojaa ni zito na likigongwa linatoa mlio mfupi uliofumba. Hili lilijaa. Lingekuwa tupu, kila tundu lingezibwa kwa nta kwanza, kwa sababu maji yakiingia ndani hayatoki, na baada ya miezi huanza kuvuja kahawia kwenye meza.

Chombo kilikuwa sufuria la shughuli, la kupikia pilau, kwa kuwa hakuna beseni la kawaida linalolaza sentimita 46. Maji yalipashwa hadi nyuzijoto 70 kwa kipimajoto cha jikoni, moto ukazimwa, taya likazamishwa lote juu ya kitambaa lisiguse chuma. Tawi la kushoto lina unene wa milimita 8 hadi 10, likahitaji dakika 5. Unajua limefika ukilibana kwa kidole ndani ya glavu linakubali bila kurudi. Likitaka kurudi, muda haujatosha. Maji yakivuka nyuzijoto 85 kingo za meno huanza kupoteza ukali, na mapovu madogo yaliyonaswa ndani ya resini hupanda na kutoboa uso. Mashine za kupulizia hewa ya moto hatuzipendi kwa kazi hii: zinachoma uso kabla ya katikati kulegea. Na kulivuta taya likiwa baridi, kama ilivyopendekezwa skuli, lingekatika nyuma ya gego la mwisho, mahali pembamba kuliko pote.

Likatolewa, kipande cha mbao chenye urefu uliopimwa kikawekwa kati ya matawi mawili ili vifundo vifike milimita 171, yaani 3 zaidi ya zinazotakiwa, kwa sababu resini hukumbuka ilikokuwa na hurudi kidogo. Likafungwa kwa vipande vya mpira wa ndani wa tairi la baiskeli, likatiwa maji baridi dakika 10, likaachwa limefungwa saa 24. Lilipofunguliwa lilisoma 168.

Upana ukitimia, bado hujui kama taya linafunga sawa. Hapa palikuwa na mtego wa pili, na tunauona mara nyingi. Watu hutaka meno ya mbele yagusane. Kwa ngamia hayagusani, wala hayapaswi. Mtu yeyote aliyewahi kufunua mdomo wa ng'ombe wa gari anajua kuwa juu mbele hakuna meno, kuna ufizi mgumu, na meno ya chini ndiyo yanayobana majani juu ya ufizi huo. Ngamia anaye jino moja la mbele kila upande wa juu, lakini limesogea pembeni na limechongoka. Katikati ni ufizi ule ule. Ufizi haubaki kwenye mfupa. Kwa hiyo kwenye fuvu lazima kuwe na nafasi kati ya meno ya mbele ya chini na mfupa wa juu. Ukiifunga nafasi hiyo, umelisukuma taya kupita mahali pake.

Mtego mwingine uko kwenye magego. Safu za juu zimepanuka kuliko za chini, kwa sababu mnyama huyu hutafuna upande mmoja kwa zamu, taya likizunguka. Taya likiwa katikati, ukingo wa nje wa magego ya chini hukaa ndani ya ukingo wa nje wa magego ya juu, pande zote mbili kwa kiasi sawa. Hicho ndicho kipimo cha kweli. Ukaguzi ulifanywa hivi: vifundo vikae kwanza ndani ya mashimo yake nyuma, kisha taya lipandishwe polepole, na karatasi ya kaboni iwe kati ya magego. Alama zilizobaki zilionyesha upande wa kulia unagusa mapema kwenye gego la tatu. Dakika 3 za maji ya moto kwa tawi la kushoto peke yake, milimita 1 nje, na alama zikasawazika.

Kuhusu rangi palitokea mjadala. Ilipendekezwa fuvu lote lipakwe jeupe "kama mfupa". Tulikataa. Mifupa ya La Brea imekaa ndani ya lami maelfu ya miaka, ikanywa rangi ya kahawia iliyoiva, karibu nyeusi kwenye mikunjo. Nakala iliyokuja na rangi hiyo inasema ukweli kuhusu mahali ilikotoka, na weupe ungeifanya ionekane kama kichwa cha ng'ombe kilichotupwa machinjioni. Viraka vilipakwa akriliki ya maji, kahawia iliyochanganywa na nyeusi kidogo, tabaka tatu nyembamba zilizokamuliwa kwa sponji. Brashi huacha mistari ambayo mfupa hauna. Juu yake vanishi ya akriliki isiyong'aa.

Kitako cha kuwekea fuvu kilitengenezwa kwa mbao za mvule, na bolti za chuma kisichoshika kutu. Hewa ya bahari ya Mji Mkongwe hula bolti ya kawaida ndani ya mwaka, na kutu hushuka kama machozi kwenye resini. Fuvu limeshikwa sehemu mbili: fimbo inayoingia tundu la uti wa mgongo kisogoni, na mto wa feliti chini ya kaakaa. Sehemu moja haitoshi. Kichwa cha urefu huu kinataka kuinamia pua, na mzigo wote ukibaki kisogoni, joto la paa la bati litakifanya kiiname chenyewe taratibu. Taya limekaa kwenye kilalio chake, halikuning'inizwa kwa waya kwenye fuvu. Kabati limeondolewa kwenye dirisha la magharibi.

Kilichobaki ni kibao cha maelezo, na hatukuona sababu ya kukifanya kirefu. Neno "nakala" lipo mstari wa kwanza, si chini kwa herufi ndogo. Idadi ya meno, 30, imeandikwa pamoja na ya ngamia wa leo, 34, na picha ndogo mbili zinaonyesha mwanya ulivyo. Kibao kinasema pia kuwa mnyama huyu hakuwahi kuishi hapa. Watoto watauliza kama alikuwa na nundu, na jibu lililoandikwa ni kuwa nundu ni mafuta, mafuta hayaachi alama kwenye mfupa, kwa hiyo fuvu haliwezi kutuambia.

Walimu waliomba mstari mmoja unaohusu kisiwa, na upo wa kweli kabisa. Zama zile zile za barafu, bahari ilipokuwa chini kwa kama mita 120, Unguja ilikuwa sehemu ya bara, na katika pango la Kuumbi karibu na Jambiani imefukuliwa mifupa ya punda milia na nyati, wanyama ambao hawapo tena kisiwani. Pemba, yenye mkondo wa kina kirefu upande wa bara, haikuunganika hivyo. Mwanafunzi akisoma hilo anaweza kutoka darasani akafika Kuumbi kwa gari moja.

Chini ya taya, upande wa ndani ambako mtazamaji haoni, imeandikwa kwa kalamu ya wino wa kudumu: 169 mm. Kila baada ya masika na kila mwisho wa kaskazi mwalimu wa zamu anapima upana wa vifundo kwa kalipa na kuandika kwenye daftari la kabati. Ikishuka chini ya 166, taya litolewe kwenye kilalio na liwekwe chumba chenye ubaridi, likisubiri maji ya moto.